Baba ana Parkinson, kutembea kunamshinda lakini baiskeli anaiendesha: tumzuie au tumwache?

Binti wa Mikindani

Assalaam aleikum, na habari za kazi ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu wanaoufahamu ugonjwa wa Parkinson, ama kwa taaluma yao ama kwa sababu wanaishi na mgonjwa nyumbani.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana umri wa miaka 67, na tunaishi naye hapa Mikindani. Ugonjwa ulianza kwa mkono wa kulia kutetemeka anapokuwa ameketi bila kazi. Baadaye mwandiko wake, ambao wanafunzi waliusifu kwa unadhifu, ukawa unapungua kadiri anavyosogea kwenye mstari, hata neno la mwisho likasomeka kwa shida. Majirani walikuwa na maelezo yao kuhusu nani amemfanyia nini, nami sitayarudia hapa. Hatimaye tulimpeleka Muhimbili, ambako daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu alimwanzishia vidonge vya levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, vilivyochanganywa na kabidopa inayoisaidia, pamoja na benzheksoli kwa ajili ya kule kutetemeka.

Linalotugawa sasa ni baiskeli. Baba akitembea huvuta miguu, na akifika mlangoni au akitaka kugeuka, miguu huganda papo hapo, kiwiliwili kikatangulia mbele, na tusipomdaka huanguka. Lakini akishapanda ile Phoenix yake ya siku nyingi, huenda mbele bila kusita, mgongo umenyooka, anakata kona na kurudi, na mtu asiyemjua hawezi kuamini kwamba ni mgonjwa. Kaka zangu wameogopa wakaihamishia baiskeli kwa shangazi, na tangu hapo baba hasemi nao vizuri. Mama naye yuko upande wao. Anasema mtu asiyeweza kuvuka kizingiti cha nyumba yake hawezi kuachiwa avuke barabara, na kwa kweli barabara ya kutoka hapa kwenda Mtwara mjini ina malori na bodaboda zisizomsubiri mtu.

Ninauliza hivi: inawezekanaje mtu ashindwe kutembea lakini aweze kuendesha baiskeli? Je, kujichosha kwa namna hiyo kunauharakisha ugonjwa? Na ikiwa ni zoezi lenye manufaa, tulifanyeje kwa mazingira ya huku, ambako baiskeli ya mazoezi ya dukani hatuna uwezo wa kuinunua?

---

Mfiziotherapia, Lindi

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na swali la kwanza, kwa kuwa jibu lake litawasaidia pia mama na kaka zako. Baba haigizi, wala hadeki anaposhindwa kutembea. Mwaka 2010 madaktari wa Nijmegen, nchini Uholanzi, waliandika habari za mwanamume wa miaka 58 aliyekuwa ameishi na Parkinson kwa miaka 10. Mtu huyo alipiga hatua chache tu kabla ya kuganda na kuanguka, na bado aliendesha baiskeli yake bila tatizo. Aliposhuka, miguu iliganda tena palepale. Tangu hapo wataalamu wameyaona hayo kwa wagonjwa wengine wengi.

Maelezo yanayotolewa ni haya. Parkinson huua taratibu chembe hai za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo, pamoja na kazi zake nyingine, huiwezesha miendo tuliyoizoea ijiendeshe yenyewe pasipo kufikiriwa. Kutembea ni mwendo wa aina hiyo: mtu mzima hauamrishi mguu wa kushoto baada ya wa kulia. Dopamini ikipungua, amri hiyo ya ndani hudhoofika, mguu ukasubiri agizo lisilofika. Kwenye baiskeli, pedeli moja inaposhuka huupandisha mguu wa pili upende usipende, kwa hiyo mdundo unatoka kwenye chuma, nje ya ubongo, na uzito wa mwili umebebwa na kiti. Ni kwa sababu iyo hiyo baadhi ya wagonjwa hutembea vizuri zaidi wakipigiwa makofi ya mpangilio au wakichorewa mistari sakafuni ya kuiruka.

Kuhusu hofu kwamba anauharakisha ugonjwa, ushahidi uliopo unaelekea upande mwingine. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Jay Alberts, alivuka jimbo la Iowa kwa baiskeli ya watu wawili akiwa na mama mmoja mwenye Parkinson. Kwa kuwa pedeli za mbele na za nyuma zimeunganishwa, yule mama alilazimika kunyonga kwa kasi ya mwenzake, na baada ya siku kadhaa mwandiko wake ulionekana kuwa mkubwa na wa kusomeka. Alberts na wenzake wakalipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009: wagonjwa 10, wiki 8, mara 3 kwa wiki, saa moja kila mara. Waliosaidiwa kunyonga kwa kasi iliyozidi ile ya hiari yao kwa takriban asilimia 30 walipata nafuu ya asilimia 35 katika kipimo cha miendo, yaani alama anazopewa mgonjwa kwa kutazamwa anavyosogea, kukakamaa na kutetemeka, ambazo zikizidi hali ni mbaya zaidi, ilhali walionyonga kwa kasi waliyoipenda wenyewe hawakubadilika katika kipimo hicho, ingawa pumzi yao iliimarika. Watu 10 ni wachache mno, na sipendi ninapoona asilimia hiyo ikitangazwa mitandaoni bila kutajwa kwamba walikuwa 10.

Utafiti ninaouamini zaidi ni wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 130 ambao ugonjwa wao haukuwa umefika mbali waligawanywa makundi mawili kwa miezi 6. Kundi moja lilinyonga baiskeli isiyotembea, majumbani mwao, dakika 30 hadi 45 mara 3 kwa wiki. La pili lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Walipopimwa kabla ya kumeza dawa, walionyoosha viungo walikuwa wamezorota zaidi, na tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa alama 4.2 kwenye kipimo cha miendo. Haikuwa tiba ya kuung'oa ugonjwa, wala haikuwaondolea haja ya vidonge, lakini kwa ugonjwa ambao kila mwaka humpunguzia mtu kitu, kushikilia pale ulipo kwa miezi 6 ni jambo la maana. Zingatia pia kwamba waliyafanya hayo nyumbani, mahali pamoja, bila lori hata moja kupita.

Hapo ndipo ningewataka nyote wawili, wewe na kaka zako, mtenganishe mambo mawili ambayo mmeyafunga pamoja. Kunyonga pedeli ni zoezi. Kusafiri barabarani ni shughuli nyingine kabisa, inayodai kutazama nyuma, kusikiliza honi, kukisia mwendo wa gari na kupunguza kasi kwa ghafla, yote kwa wakati mmoja. Mgonjwa wa Parkinson hupata taabu hasa anapotakiwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Tena mwili wake humdhihaki katika nyakati za kupanda, kushuka na kwenda polepole, ambazo ndizo nyakati za makutano ya barabara. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba irudisheni baiskeli nyumbani wiki hii, lakini isimpeleke mjini. Itafutieni namna ya kusimama mahali pamoja, anyonge hapo.

Kuhusu namna ya kunyonga, msingi wa kwanza ni saa ya dawa. Afanye zoezi levodopa inapokuwa imeshika, yaani takriban dakika 45 hadi saa moja baada ya kumeza, wala si mwishoni mwa dozi anapoanza kukakamaa. Kidonge kimezwe nusu saa au zaidi kabla ya chakula, kwa sababu protini ya samaki, kunde au mbaazi hushindana na levodopa katika kufyonzwa, na watu wengi huku kwetu humeza kidonge pamoja na mlo kisha wakalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Aanze kwa dakika 5 za kunyonga polepole, kisha aongeze bidii hadi pumzi iende mbio kiasi kwamba anaweza kusema maneno matatu au manne kwa mkupuo lakini hawezi kuimba. Nasisitiza kipimo hicho cha pumzi kwa kuwa kwa baadhi ya wagonjwa mapigo ya moyo hayapandi inavyotakiwa, na ukihesabu mapigo peke yake utamsukuma kupita kiasi. Lengo la baadaye ni mizunguko 80 kwa dakika: mhesabu goti la kulia likipanda mara 40 ndani ya nusu dakika, basi amefika. Asilazimishwe kulifikia lengo hilo mapema. Dakika 10 zinatosha kuanzia, kisha zinaongezwa kidogo kidogo hadi 30 au 40, mara 3 kwa wiki.

Kabla ya yote hayo, apimwe moyo na shinikizo la damu. Mko karibu na Hospitali ya Ligula. Ombeni kuonana na idara ya fiziotherapia huko, mkiwa na vidonge vyote anavyotumia mkononi.

---

Fundi wa Magomeni, Mtwara

Dada, mimi ni fundi wa baiskeli na wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo ya hospitali ninawaachia wenyewe na nitazungumzia chuma tu.

Phoenix ya baba ina bahati moja ambayo baiskeli nyingi za kisasa hazina, nayo ni ile stendi ya nyuma inayoinua gurudumu likaning'inia. Ukiisimamisha hivyo, tayari unaweza kunyonga ukiwa hapohapo, na sisi mafundi hufanya hivyo kila siku tunapojaribu cheni. Lakini nakuomba usimpandishe mzee juu ya stendi hiyo kama ilivyo. Ilitengenezwa ibebe baiskeli na mzigo uliotulia. Haikutengenezwa ibebe mtu anayecheza juu yake, na upana wake ni mdogo. Mpelekee fundi aiwekee kitako cha bomba la mraba au chuma cha pembe, kipana kupita usukani pande zote mbili, kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma kwa nati. Gurudumu la mbele nalo likae kwenye kishikio na usukani ufungwe usizunguke, kwa kuwa mzee atauegemea kwa nguvu anaposhuka.

Gurudumu likiwa hewani litazunguka bila uzito wowote, na zoezi litakuwa jepesi mno. Watu wengine hukaza breki ya nyuma kidogo. Inafanya kazi, lakini raba za breki hupata moto na kuisha haraka, na harufu yake si ya kumwekea mtu mzima barazani. Ninaona ni bora kuweka kipande cha bomba kinachozunguka kwa beringi, kikigusa tairi kwa chini, na kukibana kwa springi ambayo unaweza kuilegeza au kuikaza. Hapo mzee mwenyewe ataongeza uzito kadiri anavyopata nguvu.

Nimesoma habari ya ile baiskeli ya watu wawili, na ninajua kuna mtu atakuja kuniambia nimlazimishe mzee kwa kumzungushia gurudumu la nyuma kwa mkono. Haiwezekani. Baiskeli hizi zina kile kifaa cha nyuma kinacholiacha gurudumu liende hata pedeli zikisimama, kwa hiyo ukizungusha gurudumu, pedeli hazifuati. Ninaweza kukichomelea kife, pedeli zikawa zinafuata gurudumu wakati wote, lakini sitafanya hivyo kwa mtu mgonjwa, maana siku mguu ukichelewa, pedeli haitausubiri, na kifundo cha mguu ndicho kitakacholipa. Kama mnataka mwendo wa kulazimishwa, dawa yake ni baiskeli ya watu wawili ya kweli, na huku sijaona.

Kuna mambo madogo ambayo si madogo. Funikeni cheni yote kwa bati, kwa sababu mzee akivaa msuli au kikoi, cheni huuvuta. Wekeni jukwaa dogo la mbao pembeni, pamoja na bomba la kushikilia lililozamishwa ardhini kwa zege, ili asihitaji kurusha mguu nyuma juu ya keria. Kama fundi wenu ana fremu ya kike isiyo na bomba la juu, hiyo ni bora zaidi kuliko fremu yake ya sasa. Kiti kiwekwe kimo ambacho goti linabaki limepinda kidogo pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unaotetemeka huteleza, kwa hiyo pedeli ziwekewe ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu, uliolegea kiasi cha mguu kuchomoka wenyewe. Msimfunge.

---

Mzee wa Ndanda

Mwanangu, mimi ninao huo ugonjwa, na nimefarijika kuona unazungumziwa kwa jina lake.

Ninakubaliana na mtaalamu wa Lindi kwa mengi, ila kuna moja ninalotaka kulisemea. Ninyi vijana mnajadili baiskeli, na baba yako anajadili kwenda. Mtu aliyezoea kufika sokoni, msikitini au kwa rafiki zake bila kumwomba mtoto nauli, ukimwambia kwamba sasa atanyonga mahali pamoja akiutazama ukuta, amesikia kwamba safari zake zimekwisha. Mimi nilipoambiwa hivyo nilikataa kupanda kile kitu kwa muda mrefu, si kwa sababu ya woga wala uvivu. Kilichonibadilisha ni kijana wangu, aliyekubaliana nami kwamba jioni, watoto wakishaondoka, tutakwenda wote wawili kwenye kiwanja cha shule, mimi kwenye baiskeli na yeye akikimbia pembeni, na kofia ngumu kichwani. Hakuna gari pale, ardhi ni tambarare, na nikianguka ninaanguka kwenye majani. Baada ya hapo ile ya kusimama nikaikubali kwa siku nyingine za wiki, na kwa kweli ndiyo inayonitoa jasho.

Nyongeza chache kutoka kwenye mwili wangu mwenyewe, ambazo sijui kama zitakuwa hivyo kwa baba. Nikinyonga huku redio ikipiga ngoma ya mdundo wa haraka, sindimba kwa mfano, miguu hufuata bila kuhesabu. Kukiwa kimya, ninalegea bila kujua. Choo, ambacho ugonjwa huu hukifunga na watu wanaona haya kukisema, kimekuwa chepesi zaidi tangu nianze. Usingizi pia. Mkono bado unatetemeka vilevile, na sikuahidiwa vinginevyo. Tena, ninaposhuka ndipo ninapokuwa mbovu kuliko wakati wote: miguu haikubali mara moja kwamba sasa ni zamu ya kutembea. Kwa hiyo ninashika bomba, ninasimama kidogo, ninahamisha uzito kulia na kushoto, halafu ndipo ninapopiga hatua. Mwambieni asishuke peke yake.

Na siku dawa imechelewa, kama ilivyotutokea tulipokosa vidonge duka zima la dawa hadi vikaletwa kutoka Dar es Salaam, sipandi kabisa, hata ya kusimama.

---

Mfiziotherapia, Lindi

Shikamoo Mzee. Umesema jambo ambalo sisi wa hospitali hulisahau, na kiwanja cha shule sina la kukipinga, ilimradi pawe na mtu wa pembeni na dawa iwe imeshika.

Ningeongeza tahadhari moja kwa yeyote anayeendesha hivyo, na ni muhimu kwa dada wa Mikindani. Ikiwa mgonjwa aliyekuwa mwendeshaji mzuri anapoteza uwezo wa kusawazisha baiskeli mapema, ndani ya miaka michache ya mwanzo wa dalili, daktari wake aelezwe. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson halisi walioacha baiskeli kwa kushindwa walikuwa wachache sana, ilhali wenye magonjwa yanayofanana nayo, ambayo huharibu sehemu nyingine za ubongo na hayasikii sana levodopa, nusu yao hivi walikuwa wameshaacha. Kwa maana hiyo, kumwona baba bado anakata kona vizuri ni habari inayotia moyo kuhusu jina la ugonjwa wake, na ni sababu nyingine ya kutokuificha baiskeli: mkiificha, mnaficha pia dalili ambayo daktari angependa kuisikia.

---

Binti wa Mikindani

Shikamoo Mzee wa Ndanda, na asanteni sana kaka zangu wote wawili. Nimemsomea baba maneno ya Mzee kwa sauti, mama akiwa anasikia. Baiskeli imerudi, na kaka yangu mkubwa amekwenda Magomeni kuulizia kile kitako.

Ninalo swali linalonisumbua. Mzee ametaja jasho. Baba siku hizi hatoki jasho hata jua likiwa kali, na jana, alipokaa juani kidogo tu barazani, ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, akawa anasema maneno yasiyounganika mpaka tulipomwingiza ndani na kumfuta kwa kitambaa chenye maji. Tulidhani ni uzee. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kufanya zoezi la kumtoa pumzi katika joto la huku Mtwara?

---

Mfiziotherapia, Lindi

Dada, usilichukulie hilo kuwa ni uzee, na tafadhali mpeleke hospitali kabla ya kuanza zoezi lolote. Ulisema anatumia benzheksoli. Dawa hiyo hukausha mate, huziba choo, na hupunguza jasho, ambalo ndilo njia kuu ya mwili kujipoza; kwa mtu mwenye umri mkubwa inaweza pia kuvuruga kumbukumbu na kumfanya achanganyikiwe. Katika nchi za baridi hilo la jasho huenda lisionekane kwa muda mrefu, lakini kwenye joto la unyevu la pwani yetu, mtu asiyetoka jasho akinyonga kwa bidii saa za mchana anaweza kupatwa na joto kali la mwili linaloua. Maneno yasiyounganika pamoja na ngozi kavu ya moto ni dalili ya hatari. Yakijirudia, mpozeni kwa maji na kumpepea huku mkimkimbiza hospitali bila kusubiri.

Msiikatishe dawa wenyewe. Si benzheksoli, wala hasa levodopa, ambayo ikisimamishwa ghafla inaweza kuleta homa na kukakamaa kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Mwelezeni daktari hayo uliyoyaandika hapa, kwa maneno hayohayo. Yeye ndiye atakayeamua kuipunguza taratibu au kuibadilisha.

Mkiwa huko, ombeni apimwe shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika 3. Likishuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu, ana tatizo la damu kushuka anaposimama, ambalo ugonjwa na levodopa vyote huweza kulileta, na ndilo huwaangusha watu wanaposhuka kwenye baiskeli baada ya kunyonga kwa bidii. Dawa yake ya kwanza ni kumalizia kwa kunyonga polepole dakika 5 au zaidi, maji ya kutosha, na kukaa kidogo juu ya kiti kabla ya kusimama.

Daktari akiridhia, saa ya zoezi iwe alfajiri baada ya sala, kidonge cha kwanza kikiwa kimeshika, kwenye baraza lenye upepo. Feni ikiwepo ni bora zaidi, na kitambaa chenye maji kiwe shingoni. Kipindi cha Novemba hadi Machi, joto linapozidi, punguzeni bidii, msipunguze siku.

---

Mkazi wa Newala

Samahani kwa kuingilia kati. Mama yangu ana ugonjwa huo huo, miaka 71, lakini hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake, kama ilivyo kwa wamama wengi wa rika lake huku uwandani. Je, yeye hana lake katika haya yote?

---

Mfiziotherapia, Lindi

Analo. Faida iko kwenye miguu kuzunguka kwa mdundo na pumzi kwenda mbio, na hakuna kati ya hayo linalodai kujua kusawazisha baiskeli. Wagonjwa wa utafiti ule wa 2019 walinyonga baiskeli zisizotembea, ambazo haziwezi kumwangusha mtu kwa kukosa mizani. Asipande kabisa kitu kirefu. Anyonge akiwa ameketi kwenye kiti cha kawaida chenye mgongo, pedeli zikiwa mbele yake. Namwachia fundi aeleze kama inawezekana.

---

Fundi wa Magomeni, Mtwara

Inawezekana, na ni kazi ndogo kuliko ile ya kitako. Fundi akate kwenye fremu kuukuu ile sehemu ya chini yenye ekseli na mikono yake ya pedeli, aichomelee juu ya fremu fupi ya bomba la mraba, kiasi kwamba pedeli ikiwa chini inabaki na nafasi ya vidole vinne kutoka sakafuni. Ukanda wa ngozi au wa tyubu ukibanwa kwenye ekseli kwa skrubu utatoa uzito. Kaza skrubu, pedeli zinakuwa nzito. Hakuna cheni, kwa hiyo kanga haitanaswa, ila mwambieni mama aikunje juu ya magoti hata hivyo.

Kinachowashinda wengi ni kwamba kifaa husukumika mbele na kiti hurudi nyuma kila anaponyonga. Kiti kiegemezwe ukutani, na fundi aunganishe miguu ya mbele ya kiti na kile kifaa kwa bomba moja refu lenye nati, ili visiachane. Bomba hilo lipite katikati, chini, mahali ambapo mama hatajikwaa anapoinuka.

---